Matundu Makubwa ya Ndege Duniani, na Tundu Letu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja, Dar es Salaam)



Katibu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya matundu makubwa ya ndege niliyoyaona katika safari zangu za ubaharia, yale ambayo mtu huingia ndani na kutembea huku ndege wakiruka juu ya kichwa chake. Alieleza kuwa Kamati inakusudia kujenga moja katika uwanja wa shule yetu, liwe ukumbusho wa mkutano huu, na kwamba maneno yangu yatasaidia kuchangisha fedha. Nimeifanya kazi niliyopewa. Lakini naomba radhi mapema, maana nilipofika mwisho wa kuiandika nilijikuta si upande aliokuwa akiutarajia Katibu.

Nianze na historia. Tundu la kuingia watu si jambo la juzi. Mwaka 1904, katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika St. Louis, Marekani, taasisi ya Smithsonian ilijenga tundu la waya lenye urefu wa mita 69, upana wa mita 26 na kimo cha mita 15. Watu walipita katikati yake kama wapitavyo katika ujia. Maonyesho yalipokwisha, wenyeji wa mji hawakukubali libomolewe. Mji ukalinunua, na bustani ya wanyama ya St. Louis ikakua kando yake. Tundu hilo lipo hadi leo.

London nako, mwaka 1965, lilifunguliwa tundu la Snowdon katika bustani ya wanyama ya mji huo. Lilitundikwa kwa nguzo na kamba za chuma, na wahandisi wengi walikwenda kulitazama. Hata hivyo, ndege hawamo tena. Lilikarabatiwa, na tangu mwaka 2022 wanaokaa humo ni mbega, wale wale wa misitu ya Afrika Mashariki wenye manyoya meusi na meupe.

Sasa tuje kwenye yale makubwa hasa. Singapore ni nchi ndogo isiyo na mito mikubwa wala mbuga. Waziri wake, Goh Keng Swee, alikwenda Rio de Janeiro kwa mkutano wa Benki ya Dunia, akatembelea bustani ya wanyama ya huko na kuona tundu ambalo ndege huruka huru ndani yake. Akarudi na wazo. Tarehe 3 Januari, 1971 ikafunguliwa Bustani ya Ndege ya Jurong. Humo mlikuwa na tundu la hekta 2 lenye maporomoko ya maji yaliyotengenezwa na binadamu, yenye kimo cha mita 30. Bustani hiyo ilifungwa Januari 2023, na Mei mwaka huo huo ikafunguliwa nyingine huko Mandai, yenye ukubwa wa hekta 17, ndege wapatao 3,500 wa aina 400, na matundu manane ya kutembea ndani. Lililo kubwa kuliko yote hayo limepewa jina la Moyo wa Afrika.

Kuala Lumpur, mji mkuu wa Malaysia, wana bustani yao iliyofunguliwa mwaka 1991. Wao husema ndilo tundu kubwa kuliko yote duniani ambalo mtu anaweza kuingia, maana eneo lake ni hekta 8 na nusu. Lakini eneo hilo limegawanywa katika sehemu nne. Ndege huruka huru katika sehemu mbili. Sehemu ya tatu ni ya hondohondo, na ya nne ina vizimba vya kawaida.

Kwa sababu hiyo, Afrika ya Kusini nao wanadai ushindi. Karibu na Plettenberg Bay, mwaka 2005, walifungua tundu liitwalo Birds of Eden. Ni wavu mmoja uliotandazwa juu ya korongo lenye msitu wa asili, hekta 2.3, na mahali pengine wavu huo uko mita 55 juu ya ardhi. Wao husema: kama mnahesabu wavu mmoja usiogawanywa, basi letu ndilo la kwanza. Vijana wangu, hapo mjifunze jambo. Mtu akikuambia kitu fulani ni kikubwa kuliko vyote duniani, muulize kwanza amepima nini.

Nimeyaingia matundu matatu kati ya haya: la Jurong, la Kuala Lumpur na la Plettenberg Bay. Yote yana milango miwili miwili, na mlango wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza umefungwa. Yote yana maji yanayotembea na miti mirefu, kwa sababu ndege hupumzika juu, si chini. Wavu wake ni wa matundu madogo, nyoka na panya wasipenye. Kuna daktari wa mifugo, na kuna chumba cha kuwatenga ndege wageni ili wasilete maradhi. Kila asubuhi kuna watu wanaokata matunda tangu alfajiri. Kujenga ni kazi ya mwaka mmoja au miwili, ila kulisha na kusafisha hakuna mwisho.

Kamati imenionyesha ramani ya tundu letu. Ni mita 20 kwa mita 12, kimo mita 5. Nimepiga hesabu: eneo lake ni mita za mraba 240. Lile la Plettenberg Bay linalizidi zaidi ya mara 90. Sisemi hivi kwa dharau. Nasema ili tujue kwamba katika kimo cha mita 5 ndege haruki. Anarukaruka tu kutoka tawi hadi tawi.

Lakini sababu yangu kubwa si vipimo. Na hapa, Ndugu Mwenyekiti, naomba uvumilivu, maana nitasema jambo ambalo hata wanangu sijapata kuwaeleza vizuri.

Mwaka 1986 nilikuwa kidato cha tatu. Wakati wa likizo nilifanya kibarua kwa mfanyabiashara mmoja hapa hapa Kariakoo. Marehemu huyo sitamtaja jina. Alikuwa akisafirisha ndege hai nje ya nchi. Waliokuwa wakija kwa wingi ni kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cha rangi ya machungwa na mdomo mwekundu. Kitaalamu huitwa kasuku wa Fischer, kwa jina la Mjerumani Gustav Fischer. Asili yao ni kusini ya Ziwa Victoria na mbuga za Serengeti, katika nchi yetu. Walikuja kutoka bara ndani ya masanduku ya mbao, wamebanana. Kazi yangu ilikuwa kufungua masanduku alfajiri, kuwapa maji, na kutenganisha walio hai na waliokufa.

Waliokufa niliwatia katika gunia. Kuna asubuhi gunia lilikuwa jepesi, na kuna asubuhi nililivuta chini kwa sababu sikuweza kulibeba. Nililipwa. Kwa fedha hizo nilinunua viatu vya shule na madaftari, na baki nilimpa mama. Mama aliniuliza ninafanya kazi gani, nikamwambia ninapanga bidhaa. Baadhi yenu mliokuwa darasa langu mnakumbuka vile viatu, maana mlinitania navyo muhula mzima.

Sikujua wakati ule ukubwa wa jambo lenyewe. Nilikuja kusoma baadaye kwamba katika miaka ile ya 1980 kasuku wa Fischer alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi kuliko wote duniani, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza kwa kuuza ndege hai. Marekani ilipitisha sheria ya kubana uingizaji wa ndege wa porini mwaka 1992. Nchi za Umoja wa Ulaya zilisimamisha mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, kisha zikapiga marufuku moja kwa moja mwaka 2007. Serikali yetu ilizuia usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi mwaka 2016. Hata hivyo kasuku yule hajarudia wingi wake wa zamani, na wataalamu wamemweka katika kundi la walio karibu na kutishiwa.

Nilipoingia Jurong mwaka 2012, chini ya yale maporomoko ya maji, nilimwona kwezi wa kwetu, yule wa mabawa ya buluu na kifua chekundu, anaokota makombo karibu na kiatu changu. Wageni walikuwa wakimpiga picha. Alikuwa mnene na msafi. Sikuona kosa kwa walinzi wake. Lakini nililikumbuka lile gunia, nikatoka kabla wenzangu hawajamaliza kutembea.

Sasa turudi shuleni kwetu. Nimeuliza ndege wa tundu letu watatoka wapi. Nimejibiwa: "Watapatikana, Kariakoo hakikosekani kitu." Ndugu zangu, ninalijua jibu hilo. Kwanza, kukamata na kufuga wanyamapori kunahitaji kibali kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Pili, hata kibali kikipatikana, mtu fulani atafungua sanduku alfajiri. Huenda akawa mwanafunzi wetu.

Mtasema, huyu anapinga tu wala hana la badala. Ninalo.

Tazameni nje ya madirisha haya. Mnawasikia kunguru. Kunguru hawa si wa kwetu. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wasafishe takataka za mji. Wakazaliana, wakavuka bahari, wakaenea pwani yote. Wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo, na ndiyo sababu moja ya shore, chozi na mnana kuwa wachache katikati ya mji. Zanzibar walipiga vita kali dhidi yao katika miaka ya 1990, kunguru wakapungua sana. Kampeni ilipokwisha wakaongezeka upya. Kenya nao mwaka 2024 walitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Sumu na mitego ni kazi ya Serikali, wala siwaambii vijana wajiingize. Lakini chakula cha kunguru ni takataka zetu, na hizo zimo katika uwezo wetu.

Napendekeza basi fedha tulizochanga zifanye mambo manne. Kwanza, shimo la taka la shule lifunikwe, na mapipa ya jikoni yatiwe vifuniko vizito. Pili, tupande miti ya matunda na ya kivuli kuzunguka uwanja: mizambarau, mikuyu, na maua ambayo chozi hunyonya utamu wake. Tatu, tuchimbe kidimbwi kifupi cha maji, kisafishwe kila wiki kisizalishe mbu. Nne, ianzishwe chama cha wanafunzi cha kuhesabu ndege, kiwe na daftari moja, na kila Jumamosi asubuhi waandike aina na idadi. Daftari hilo lisomwe katika mkutano wetu wa kila mwaka, kama isomwavyo taarifa ya Mweka Hazina.

Mbunifu wa ramani ameniuliza kama hilo nalo linaweza kuitwa ukumbusho, maana halina ukuta wa kubandika kibao cha majina. Nimemjibu kwamba mahali hapa tulipo panatosha kumjibu. Mnazi Mmoja wakati wa ukoloni iliachwa wazi makusudi ili itenganishe Uhindini na Kariakoo ya Waafrika. Ulikuwa uzio usio na waya. Leo ni bustani, umesimama mnara wa Mwenge wa Uhuru, na mtu yeyote anapita na kukaa kivulini. Hakuna aliyehitaji kuijengea paa ili iwe na maana.

Najua wako waliokwisha toa michango yao kwa ajili ya tundu, na mimi ni mmoja wao. Nilitoa kabla ya kufikiri. Iwapo mkutano utapiga kura na kuamua kujenga, sitaidai fedha yangu, wala sitajitoa katika Umoja huu. Ila nitaomba jina langu lisiandikwe mlangoni.

Na ninyi vijana, mkija kuniuliza baada ya mkutano ni tundu gani lilinipendeza zaidi, nitawajibu bila kuficha: lile la Plettenberg Bay. Wengi wa ndege wake walikuwa wa kufugwa majumbani, wakapelekwa pale wajifunze tena kuruka. Wangekuwa hawakukamatwa tangu mwanzo, wavu ule usingehitajika.