Ewaso Ng'iro wa Kaskazini: Mto Usiofika Baharini

Kipindi hiki cha elimu kinawapeleka wasikilizaji wa Pumwani kaskazini mwa Kenya, kwenye mto ambao mwenendo wake ni kinyume cha ule wa mto wanaoishi karibu nao. Mto Nairobi, unaotoka katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu na kupita Gikomba, huingia mto Athi, ambao hatimaye huitwa Sabaki na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Ewaso Ng'iro wa Kaskazini husafiri takriban kilomita 700, na kwa kawaida huishia nchi kavu.

Chimbuko lake ni miteremko ya Mlima Kenya na safu za Nyandarua, ambako mvua ni nyingi. Huko ndiko yanakotoka matawimto, yaani mito midogo inayoulisha mto mkuu, kama vile Naro Moru, Nanyuki na Ewaso Narok, ambao huporomoka mita 74 katika Maporomoko ya Thomson mjini Nyahururu. Ukishapita Archer's Post, mto huingia nyanda kame za Isiolo, ambako matawimto ya kudumu ni haba, jua likivukiza maji na mchanga ukiyafyonza, hata yaliyosalia yakatawanyika katika kinamasi cha Lorian. Mafuriko yanapokuwa makubwa ndipo maji huvuka Lorian na kufuata Lagh Dera, ambayo ni laga, yaani mkondo unaokauka sehemu kubwa ya mwaka, kuelekea mto Juba nchini Somalia.

Maji yanayozama njiani hayapotei yote, kwani baadhi husaidia kujaza hifadhi ya Merti, tabaka la ardhi lililoshiba maji, ambalo visima vyake hunywesha watu na mifugo, zikiwemo kambi za wakimbizi za Dadaab.

Hata hivyo, mahali mto unapokomea hapaamuliwi na mvua peke yake. Mashamba ya mboga na maua ya Nanyuki na Timau huchota maji yale yale yanayotegemewa na wafugaji Wasamburu na Waborana, na wakati wa kiangazi uchotaji huo huufanya mto ukatike mapema zaidi. Sheria ya Maji ya 2002 ilivipa nafasi vyama vya watumiaji wa maji, ambamo watu wa juu na wa chini hupatana kuhusu zamu za kuchota. Mapatano hayo yatadumu iwapo tu mkulima wa mlimani atayapima maji anayoyaacha mtoni kwa uangalifu ule ule anaoyapimia yale anayoyapeleka shambani.