Waya ukianguka, fupisha hatua



Kidahwe, mahali ambapo barabara ya kutoka Kigoma mjini inaachana, moja ikienda Kasulu na nyingine Uvinza, siku hizi si njiapanda ya magari tu. Ni ya umeme pia. Hapo ndipo palipochaguliwa kujengwa kituo cha kupoza umeme, mwisho wa njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Nyakanazi. Kwa mkoa ulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, hilo ni jambo la heri. Lakini mgeni huyu ana tabia zake, na yafaa tuzijue.

Vijana wetu wa sekondari huchora nukta moja, kisha huizungushia mishale inayotoka kila upande kama miale ya jua. Nukta ni chaji ya umeme. Mishale ni mistari ya uga wake. Wengi huikariri kwa ajili ya mtihani, basi. Mistari hiyo si nyuzi zilizotandazwa hewani. Ni ramani, na aliyetufundisha kuichora ni Michael Faraday, mtoto wa mhunzi wa Uingereza, katika karne ya 19. Husomwa hivi: mshale unaonyesha upande ambao chaji chanya ingesukumwa. Mistari ikisongamana, nguvu ni kubwa. Ikiachana, nguvu imepungua.

Sasa mchoro huo utoe daftarini, uulaze ardhini. Upepo wa mvua umeangusha mchikichi juu ya waya, waya umekatika, ncha yake imegusa udongo. Ncha hiyo ndiyo nukta yetu. Umeme unatawanyika ardhini kila upande, na volti zinashuka kwa kasi katika mita za mwanzo. Mtu akiusogelea waya, mguu wa mbele unakanyaga penye volti nyingi, wa nyuma penye volti chache. Tofauti hiyo hupita mwilini: umeme hupandia mguu huu na kushukia ule. Hakuugusa waya, lakini waya umemuua. Hatua ikiwa ndefu, tofauti nayo huongezeka. Ng'ombe ndiye huumia zaidi, kwani miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, na moyo uko njiani.

Tarehe 2 Februari 2022, mjini Kinshasa, waya wa msongo mkubwa uliangukia soko la Matadi-Kibala, ambako maji ya mvua yalikuwa yametuama. Watu 26 walipoteza maisha, wengi wao wanawake.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukiona waya umelala chini, usiusogelee, hata kama hautoi cheche. Kaa mbali, si chini ya mita 10, na kwa nyaya kubwa zaidi ya hapo. Zuia watoto na mifugo, kisha wapelekee TANESCO habari. Ukijikuta tayari uko karibu, usikimbie. Kutanisha miguu, uondoke kwa kuburuta nyayo kidogo kidogo, bila kuzitenganisha wala kuziinua.

Walimu wa fizikia nao wana kazi. Wakishachora ile nukta ubaoni, wachore na miguu miwili ya mtu kando yake. Mwanafunzi atakayeielewa picha hiyo atarudi nyumbani kumfundisha mama yake na mchunga ng'ombe. Tahadhari kabla ya hatari.

Hadi juma lijalo, kwaherini.