Mtoto Akiendesha, Tusikimbilie Vidonge

Mtoto akiendesha, wengi wetu hukimbilia dukani kununua antibiotiki. Tungoje kidogo.

Mwaka wa 1935, Hall na O'Toole wa Marekani walikuta kijidudu Clostridioides difficile kwenye choo cha watoto wachanga wazima. Kumbe wengi hukibeba bila kuugua! Lakini nyanya aliyetumia antibiotiki anaweza kukipata akaharisha vibaya, maana dawa imeua vijidudu vyema vya tumbo.

Basi tufanyeje? Mtoto tumpe maji ya ORS, zinki na maziwa ya mama. Akitoa damu au akilegea, zahanati upesi. Nasi tukimpangusa, tunawe kwa sabuni.