Paka Mzee Anayekula Sana Lakini Anakonda
Mazungumzo na wakazi wa Kikoneni



Paka ndiye askari wa ghala letu la mahindi. Lakini akishazeeka, akawa anakula kutwa huku anakonda, wengi wetu husema ana minyoo au amelogwa, kisha tukamtupa. Huenda ni mgonjwa.

Shingoni mwa paka, kama mwetu, kuna tezi ya thairoidi inayoongoza kasi ya mwili. Ikizidisha kazi, mwili huchoma chakula chote na moyo hupiga mbio. Dalili nyingine ni kiu, kutapika na kuhangaika. Huwapata zaidi paka waliopita miaka 10, na hauambukizi watu.

Mpelekeni kwa daktari wa mifugo apimwe damu. Vidonge vipo, ila huwa ni vya maisha. Msimpe dawa za binadamu kwa kubahatisha.

Ila paka aliyebadilika ghafla, anayeuma ovyo na kutokwa mate, msimguse: huenda ni kichaa cha mbwa. Atakayeumwa au kuparurwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali papo hapo.