KRISMASI BILA DENI: TUPAMBE NA TUKARIBISHANE KWA TULICHO NACHO

Hotuba kwa wawakilishi wa jumuiya ndogo ndogo mjini Eldoret, kipindi cha Majilio



 Najua wengine mmetoka Langas na Munyaka kwa miguu, na wengine mmefunga kibanda sokoni ili mfike. Kwa hiyo sitazunguka. Nimeombwa niseme juu ya sherehe ya Krismasi katika jumuiya: tuipambe namna gani, tupike nini, na tumkaribishe nani. Mtaona kwamba haya matatu ni jambo moja tu.

1. Tuanze na Januari

Mtanishangaa, kwamba nimeitwa kusema juu ya Desemba na ninaanza na Januari. Lakini sisi tunaofanya kazi ya ustawi wa jamii tunaijua Krismasi ya watu kwa kutazama Januari yao. Shule zinafunguliwa. Karo inatakiwa, sare inatakiwa, vitabu vinatakiwa. Mwenye nyumba naye hajui habari ya sikukuu, anataka kodi yake. Vijana wameupa mwezi huo jina la "Njaanuari", na ingawa tunacheka, jina hilo lina ukweli.

Mama mmoja mjane, ambaye sitamtaja, aliwahi kunieleza jinsi Krismasi ilivyomwendea. Alikuwa na pesa za karo ya mtoto wa kidato cha pili, amezificha vizuri. Ilipofika tarehe 23 akaona majirani wanabeba mifuko kutoka mjini. Wanawe wakamwuliza, "Mama, na sisi?" Akazichukua zile pesa, akanunua taa za rangi, mti wa plastiki, soda na keki. Zilipopungua akakopa kwa simu. Mtoto alirudi shuleni wiki tatu baada ya wenzake. Mama huyu si mjinga, na wala si mfujaji. Alikuwa anawapenda watoto wake, na hakutaka waone haya mbele ya wenzao.

Hapo ndipo penye kazi yetu. Mkopo siku hizi uko mfukoni. M-Pesa ilianza mwaka 2007, M-Shwari ikafuata 2012, Fuliza ikaja 2019. Zamani mtu alitembea hadi kwa tajiri kuomba, na njiani alipata nafasi ya kufikiri. Sasa unabonyeza mara tatu ukiwa umeketi jikoni. Tufanye hesabu ndogo. Ukikopa shilingi 5,000 kwa ada ya asilimia 10 kwa mwezi, mwisho wa Januari unadaiwa 5,500. Ukishindwa, ukakopa kwingine ili ulipe hapo, Februari unadaiwa 6,050. Keki ililiwa siku moja, na deni linakula miezi miwili. Wazee walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Basi sheria yangu ya kwanza ni hii. Kabla ya kununua hata puto moja, pesa ya karo itolewe nyumbani. Ilipe shuleni mapema kama shule inakubali, au iweke kwa mweka hazina wa chama chenu, na useme mbele ya wenzako kwamba haitolewi mpaka shule zifunguliwe. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Kikiwa kidogo, tutakitumia hivyo hivyo kilivyo kidogo.

2. Mapambo yako shambani na uani

Sasa mtauliza, "Tutapamba na nini?" Jamani, tumeketi katikati ya Uasin Gishu. Wakati wa Majilio mahindi yanavunwa na ngano imetoka shambani. Mali ya mapambo tunaikanyaga.

Mti. Saiprasi si mti wa asili ya hapa, asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini leo ndiyo ua wa nusu ya mashamba yetu. Usikate mti mchanga. Ukiukata kilele, umeuharibu kwa ajili ya siku 10. Nenda kwa mwenye ua, mwombe matawi anayopunguza. Chukua fimbo iliyonyooka, isimamishe ndani ya debe la mchanga na mawe, kisha funga matawi kwa kamba ya katani kuanzia chini kwenda juu, marefu chini na mafupi juu. Mwagia mchanga maji kidogo ili debe liwe zito. Hapo mti wako umesimama, na harufu yake hakuna plastiki inayoweza kuitoa.

Nyota za mabua ya ngano. Huko Uswidi na Ujerumani, ambako watu wana pesa za kununua chochote, bado wanapamba kwa nyota za mabua. Sisi tunayachoma! Omba kwa mwenye shamba mabua ya pembeni, ambayo mashine haikuyaponda. Kata vipande visivyo na vifundo, vya urefu wa sentimita 12 hivi. Viloweke katika maji ya vuguvugu kwa nusu saa ili visivunjike. Vipasue upande mmoja kwa wembe, vifungue, uvipige pasi isiyo moto sana. Kazi ya wembe na pasi ni ya wakubwa. Chukua vipande vinne: viwili panga kama msalaba, viwili vingine kama alama ya kuzidisha, kisha viweke pamoja. Funga katikati kwa uzi mwekundu, ukiupitisha juu ya kipande kimoja na chini ya kinachofuata mpaka umalize mzunguko. Kata ncha ziwe kali. Nyota ya kwanza itakuwa mbaya, ya tano itakuwa nzuri.

Maua ya maganda ya mahindi. Chagua maganda ya ndani, yale laini. Yaloweke, yakunje yawe kama petali, funga chini kwa uzi, uyaache yakauke. Ukitaka rangi ya njano, chemsha maji yenye manjano na uyatumbukize humo.

Minyororo ya karatasi. Hii ni kazi ya watoto, tusiwanyang'anye. Wape magazeti ya zamani na majalada ya daftari zilizojaa. Wakate vipande vya sentimita 3 kwa 20, wagundishe kimoja kiwe pete, kingine kipite ndani yake, na kuendelea. Gundi msinunue. Koroga vijiko 3 vya unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji baridi mpaka pasiwe na madonge, mimina kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka huku unakoroga, rudisha motoni kidogo hadi izidi kuwa nzito. Ikipoa, itumieni siku hiyo hiyo.

Vitambaa. Mafundi wa cherehani hutupa vipande vya vitenge kila jioni. Mwombe fundi wa mtaa wako akuwekee kwa wiki mbili. Kata pembetatu, shona kwenye kamba ndefu, tundika kutoka nguzo hadi nguzo. Hizi zinafuliwa na kutunzwa, mwaka ujao hamgharamiki tena.

Na pango la Noeli tusilisahau. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitengeneza hori kwa nyasi, akaleta ng'ombe na punda walio hai. Hakutafuta taa za rangi. Alitaka watu waone kwa macho jinsi mtoto yule alivyozaliwa katika ufukara. Udongo wa kufinyangia tunao, nyasi tunazo. Wapeni vijana kazi hiyo. Na mtoto wa nyumba ya mabati akiona kwamba Bwana wake alilala penye nyasi, hataona haya kwa sababu kwao hakuna mti wa plastiki.

3. Chakula: kila nyumba na mzigo wake

Katika jumuiya nyingi mama mmoja, kwa kawaida mwenyekiti au yule mwenye sebule kubwa, ndiye anayebeba sherehe nzima. Anapika tangu usiku, anaishia kula ukoko. Hiyo si haki. Gawaneni.

Bei hubadilika kila wiki, kwa hiyo nitataja vipimo. Kwa watu 40, wakubwa kwa watoto, mchele kilo 6 unatosha, na nyama kilo 6 iliyopikwa mchuzi pamoja na viazi. Ongezeni kabichi kubwa 4 au sukuma wiki. Chapati: pakiti ya unga ya kilo 2 hutoa kama 20, kwa hiyo pakiti mbili ni chapati moja kwa kila mtu. Chai: maziwa lita 5, maji lita 5, sukari nusu kilo. Mwenye mursik alete kibuyu, mwenye ndizi za kupika alete, mwenye simsim alete.

Katibu achukue daftari na aandike: nyumba hii mchele kilo moja, ile kabichi, ile kuni. Na asiye na kitu kabisa? Alete mikono yake. Ateke maji, aoshe sufuria, aandike jina lake kama wengine wote. Michango isisomwe kwa sauti mbele ya watu. Nimeona watu wakiacha jumuiya kwa sababu ya kusomewa orodha.

Pombe, tuelewane. Sikukuu nyingi zilizoharibika mtaani hazikuharibiwa na uchache wa nyama.

4. Tahadhari mbili tatu

Saiprasi ikikauka inawaka upesi kwa sababu ya mafuta yaliyomo, na karatasi na mabua ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mshumaa au koroboi isikaribie mapambo, hasa katika nyumba za mabati zilizobanana. Weka mti mbali na jiko. Ukianza kupukutika, utoe nje.

Wekeni maji na sabuni mlangoni kabla ya kula. Wali na nyama visikae nje zaidi ya saa mbili. Kilichobaki kigawanywe mapema kiende nyumbani, kikapashwe moto vizuri.

5. Nani aalikwe?

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo kubwa.

Ninyi wenye umri kama wangu mnakumbuka. Uchaguzi wa 1992 ulifanyika tarehe 29 Desemba. Wa 1997, tarehe 29 Desemba. Wa 2002 na wa 2007, tarehe 27 Desemba. Yaani Krismasi ya Eldoret mara nne ilikuja pamoja na kura, na mara mbili kati ya hizo watu wetu waliona moto. Desemba 1992 ilikuwa Burnt Forest. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa lilichomwa na watu waliokuwa wamekimbilia humo, akina mama na watoto. Maelfu walilala katika uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu. Watu waliokula pamoja tarehe 25 walikimbiana kabla ya mwezi kwisha.

Tangu Katiba ya 2010 kura imehamishwa kutoka Desemba. Nashukuru. Lakini tarehe ikihamishwa, mioyo haihami yenyewe. Bado kuna mtaa ambako jumuiya ina watu wa lugha moja tu, ilhali jirani wa lugha nyingine anapita nje akisikia nyimbo.

Nawaomba basi: kila nyumba ialike nyumba moja ya kabila lingine. Si lazima iwe ya Kikatoliki. Msiwaalike kuja kula tu. Waalikeni siku ya kutengeneza mapambo, Jumamosi moja kabla. Mtu anayekuja kula ni mgeni, atashukuru na kwenda. Mtu aliyeketi na wewe saa tatu akifunga nyota za mabua, mkakosea pamoja na kucheka pamoja, huyo ana kitu chake kwenye ukuta wako. Watoto wake wataonyesha: "Ile ni yangu." Siku maneno mabaya yakianza kutembea mtaani, ni vigumu zaidi kuyaamini juu ya mtu kama huyo. Sisemi kwamba mnyororo wa karatasi unazuia vita. Nasema watu wanaofahamiana kwa majina wana mahali pa kuanzia.

Mkumbukeni pia mzee anayeishi peke yake, mjane wa mwaka huu, na ile nyumba ambayo baba amepoteza kazi na mlango wao umefungwa tangu Novemba. Msiwatumie sahani tu. Wapeni kazi, waje.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Karo kwanza, mapambo ya mikono yetu, chakula cha wote, na mlango wazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nawatakia maandalizi mema ya Noeli. 

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Krismasi iliyopita, ni nyumba ngapi kati yetu zilikopa? Tunaweza kusaidiana vipi bila kuaibishana?

2. Ni vitu gani tunavyotupa au kuchoma mtaani kwetu ambavyo vingefaa kwa mapambo?

3. Ni nani jirani yetu ambaye hajawahi kuingia katika nyumba yetu hata moja? Nani atakwenda kumwalika, na siku gani?