MBUNI MZEE HUKATWA ILI UZAE

Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi vya Ushirika, Tarime na Serengeti



Katika nyanda za juu za Tarime mbuni ni mti wa nyumbani. Husimama kando ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni, na mara nyingi aliyeupanda ni baba au babu wa yule anayeuchuma leo. Kwa sababu hiyo msumeno huogopwa. Mkulima huona kwamba kukata mbuni wa mzazi ni kuharibu urithi, tena kwamba mwaka wa kukata ni mwaka wa watoto kukosa sare na madaftari. Hofu hizo mbili zastahili kujibiwa.

Hofu ya kwanza hujibiwa na mti wenyewe. Tawi la kahawa ya arabika halizai mara mbili mahali pamoja. Maua hutoka katika sehemu iliyokua msimu uliotangulia; sehemu hiyo ikisha kuzaa, kazi yake imekwisha. Basi mwaka hata mwaka matunda husogea kuelekea nchani, na katikati ya mti hubaki fito tupu. Mbolea itiwayo chini ya mbuni wa namna hiyo hukuza kuni. Isitoshe, mbuni ukiwa kichaka, upepo haupiti na umande haukauki upesi. Hapo chulebuni, ugonjwa uliotambuliwa kwanza nchini Kenya mwaka 1922, hupata unyevu unaoutaka. Kutu ya majani huenea. Na kunguni wa kahawa hujificha mahali ambapo dawa haifiki. Urithi, basi, ni mizizi iliyo hai chini ya ardhi. Kukata shina si kuutupa urithi huo, bali ni kuupa matawi mapya.

Kazi yenyewe ifanywe hivi. Mavuno yakisha na kabla ya masika kushika, shina likatwe kwa msumeno mkali, kiasi cha sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini. Panga lisitumike, kwa kuwa hupasua kisiki na kukaribisha uozo. Mkato uwe wa mshazari ili maji ya mvua yateremke. Pale ambapo mbuni una shina zaidi ya moja, ni vema kuacha moja lenye majani kwa muda wa mwaka mmoja, lilishe mizizi wakati machipukizi yakikua. Machipukizi yatatoka mengi. Yakifikia sentimita 30 hivi, yachaguliwe mawili au matatu yenye nguvu, yaliyotoka pande mbalimbali za kisiki, na mengine yote yang'olewe. Mkulima anayeyaacha yote kwa huruma atakuwa na kichaka kipya badala ya cha zamani.

Hofu ya pili, yaani ya mapato, haijibiwi kwa maneno matupu, kwa kuwa mbuni uliokatwa hukaa takriban misimu miwili bila mavuno ya maana. Ndiyo sababu shamba lisikatwe lote kwa mara moja. Tuseme mkulima anayo mibuni 200 iliyozeeka. Akikata 50 kila mwaka, mwaka wa kwanza atachuma 150, na wa pili 100. Mwaka wa tatu atachuma 50 ya zamani pamoja na 50 ya kwanza iliyoanza kuzaa upya. Mwaka wa nne mibuni ya zamani itakuwa imekwisha, lakini 100 mipya itakuwa ikizaa. Wa tano 150. Na wa sita yote 200. Hakuna mwaka ambao chini ya nusu ya shamba itazaa. Na mwanga ulioingia kati ya visiki waweza kuotesha maharage ya chakula na ya kuuza. Mwenda pole hajikwai.

Ipi ianze? Shauri hili lifanywe na mume na mke pamoja, kwa maana mwenye kuchuma ndiye ajuaye mbuni upi haujazi kikapu. Wakati wa mavuno afunge kamba ya mgomba kwenye kila mbuni dhaifu. Msimu wa kukata ukifika, alama zitakuwa tayari. Wenye mibuni michanga, iwe Tarime au Serengeti, wapogoe kila mwaka ili wasifike kwenye msumeno mapema.

Ndugu Makatibu, sehemu yenu ni kalamu. Kila chama kiwe na daftari linaloonyesha jina la mwanachama, idadi ya mibuni aliyokata na mwaka wa kukata. Pasipo daftari hilo, mwanachama aliyekata ataonekana mvivu au mwenye kuuza kahawa yake kwa njia za magendo, kwa kuwa kilo zake zimepungua. Vibaya zaidi, atapewa mkopo wa pembejeo kwa hesabu ya kilo za zamani, na deni litamkuta akiwa na visiki. Makisio ya mavuno na mikopo yafuate mibuni inayozaa. Kwa ushauri wa kitaalamu, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania ina kituo Sirari, humu humu wilayani Tarime.

Mkulima atakubali kukata akijua kwamba chama chake kitamtambua katika miaka miwili ya upungufu. Daftari na lifunguliwe kabla msumeno haujanolewa.