Pikipiki za Umeme Katika Baridi na Vilima vya Katelembo

Mada iliyotolewa katika semina ya waendesha bodaboda na vyama vya akiba na mikopo, Katelembo, Machakos



Nimeombwa nijibu swali ambalo limezungushwa sana pale stejini tangu pikipiki za umeme zianze kuonekana Nairobi: je, chombo hiki kitaweza baridi yetu na milima yetu, au ni mali ya watu wa lami? Nitatoa msimamo wangu mapema ili mpate kuupima ninapoendelea. Baridi ya Katelembo haitaizuia pikipiki ya umeme. Kitakachoizuia ni stima kupotea, barabara mbovu, na mkataba wa betri uliotiwa sahihi haraka haraka. Haya yote yanamshinda mtu mmoja, ila chama kikiyashika yanawezekana.

Tuanze na baridi, kwa kuwa ndiyo inayotisha wengi.

Habari za magari ya umeme kushindwa na baridi ni za kweli. Januari 2024, joto katika eneo la Chicago, Marekani, lilishuka zaidi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Magari ya umeme yalipanga foleni kwenye vituo vya kuchaji, na mengine yalizimika yakiwa foleni. Sababu yake si fumbo. Ndani ya betri ya lithiamu, chaji husafirishwa na chembe zinazopita katika kimiminika. Baridi ikizidi, chembe hizo huenda polepole na betri hutoa nguvu kidogo. Ukiichaji kwa nguvu wakati iko chini ya sifuri, lithiamu hujibandika juu ya sehemu ambayo ilipaswa kuingia ndani yake, na madhara hayo hayaondoki. Kwa hiyo gari lenye akili hukataa kuchajiwa haraka mpaka lipashe betri yake moto kwanza. Juu ya hayo, dereva naye anataka kukaa kwenye joto, na hita ya ndani ya gari hula umeme mwingi wa betri ileile. Huko Norway, nchi ya theluji, chama cha wenye magari kiitwacho NAF hupima magari haya kila msimu wa baridi, na upungufu wa umbali huonekana wazi. Hata hivyo, mwaka 2024, karibu magari 9 katika kila magari 10 mapya yaliyouzwa nchini humo yalikuwa ya umeme mtupu. Wanorwei waliipima hasara wakaona inavumilika, kwa kuwa plagi iko nyumbani na stima haipotei.

Sasa linganisheni na sisi. Julai, alfajiri, hapa kwetu na kule kwenye vilima vya Mua na Iveti, joto hushuka hadi nyuzi 10 au 12 hivi. Ni baridi ya kukufanya uvae majaketi mawili, lakini iko mbali na sifuri. Katika hali hiyo betri hupoteza asilimia chache tu ya umbali wake. Pikipiki haina hita ya kupasha abiria. Ukweli ni kwamba inayoumia zaidi asubuhi hizo ni pikipiki ya petroli. Nyote mnamfahamu kijana wa saa kumi na moja asubuhi: ukungu umefunika barabara, manyunyu yamelowesha kiti, amevuta choki, anapiga kiki mara ya sita, na mama mwenye masanduku ya nyanya anatazama saa kwa sababu matatu ya sokoni inaondoka. Pikipiki ya umeme huwashwa kwa ufunguo, ikaondoka.

Naongeza jambo ambalo halisemwi sana. Adui mkubwa wa maisha ya betri ya lithiamu ni joto. Betri inayoishi mahali penye ubaridi wa wastani huzeeka polepole kuliko ile inayopikwa na jua la Masinga au Yatta. Hali ya hewa ya hapa kwetu ni rafiki wa betri, bora tu mwenyewe asiifikishe kileleni ikiwa moto kisha akaichomeka papo hapo. Iache ipoe kwanza.

Mahali ambapo baridi yetu inagusa umeme kweli ni kwenye jua. Kuanzia Juni hadi Agosti, mawingu hukaa juu ya vilima hivi siku nzima, wakati mwingine wiki nzima. Paneli iliyokuwa ikijaza betri mwezi wa Januari hutoa kiasi kidogo sana mwezi wa Julai. Akija muuzaji na hesabu za sola, mwulizeni hesabu hizo ni za mwezi gani. Na nyinyi wenye paneli ndogo juu ya paa, za taa na simu, msidanganywe kwamba zitaendesha pikipiki. Paneli ya wati 50 huhitaji siku tano hivi za jua zuri ili ipate uniti moja ya umeme, na kwa uniti moja hutafika hata kilomita 30.

Milima na mzigo

Hesabu za milima ni nzuri kufanya hadharani, kwa hiyo nitazifanya hapa.

Pikipiki yenyewe, mwendeshaji na mzigo wa kawaida ni kama kilo 300. Kuinua uzito huo mita 300, mathalani kutoka bondeni hadi mgongo wa kilima, kunataka karibu robo ya uniti, na ukiongeza nguvu inayopotelea kwenye mota ni kama 0.3. Betri nyingi za bodaboda zinazotumika Kenya zina uwezo wa uniti 3 na kitu, na hutangazwa kwenda kilomita 80 au 90. Maana yake, kwenye tambarare unatumia 0.04 kwa kila kilomita. Safari ya kilomita 10 kwenye tambarare hula 0.4. Safari ileile ukipanda mita 300 hula 0.7. Mkipanda na mzigo mara nne, betri inakaribia kwisha.

Mteremko hurudisha sehemu ya hasara hiyo, kwani ukishuka hutumii karibu chochote. Lakini barabara zetu zina makorongo na mashimo, haziachi mtu ateleze tu, na kila unaposhika breki unatupa nguvu uliyoilipia. Angalieni vilevile mzigo unaelekea wapi. Asubuhi maziwa, matunda na mboga hushuka kuelekea mjini. Mchana na jioni mbolea, unga, saruji na abiria hupanda. Chombo hupanda kikiwa kimelemewa saa ambazo betri imekwisha kupungua. Mwendeshaji asiyepanga mchana wake kwa kuzingatia hilo atakwama na abiria mahali pabaya saa kumi na mbili jioni.

Wasemao kwamba chombo cha umeme hakipandi mlima, wakaitazame Kigali. Ni mji wa vilima, na mwinuko wake unakaribiana na wa Machakos. Kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya pikipiki za umeme huko mwaka 2019, kwa kubadilishana betri vituoni, na abiria wa Kigali wanapandishwa vilima kwa umeme mpaka leo. Mfano wetu halisi ni Kigali. Norway na Chicago tuwaachie wenyewe. Tofauti iliyopo, na ni kubwa, ni kwamba Kigali ina vituo vya betri karibu karibu na barabara zake nyingi ni za lami.

Matope nayo yasidharauliwe. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba zikinyesha, udongo mweusi hujaza matairi na kuongeza matumizi ya umeme kuliko baridi yoyote. Mnavuka mito ya msimu juu ya mchanga, mara maji yakiwa magotini. Kabla ya kununua, inama utazame chini: mota iko wapi, nyaya zinapita wapi, viungio vya betri vina kifuniko cha mpira au viko wazi? Kiungio kilichoingia maji ya matope hupata kutu, kutu huleta joto, na joto huharibu betri. Kazi ya kukagua na kukausha viungio ni ya dakika chache kila jioni, na fundi yeyote wa redio hapa anaweza kuifundisha.

Fedha

Mwendeshaji anayekwenda kilomita 120 kwa siku anatumia lita 3 hivi za petroli. Petroli ilipita shilingi 217 kwa lita mwishoni mwa 2023, kisha ikateremka hadi 180 na zaidi. Hizo ni shilingi 540 kwa siku bei ikiwa nafuu, bado oili. Kwa umeme, tukihesabu milima na matope, tuseme uniti 6. Kwa bei ya nyumbani ya kama shilingi 30 pamoja na tozo, ni shilingi 180. Mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliweka bei maalumu ya kuchaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 kwa saa ambazo matumizi ya nchi yako chini, kabla ya kodi na tozo, kwa matumizi yasiyozidi uniti 15,000 kwa mwezi. Viwango hivyo viliwekwa kwa kipindi cha miaka mitatu, hivyo ni lazima kuuliza bei ya sasa. Hata bila nafuu hiyo, shilingi 360 zinabaki mfukoni kila siku, na hiyo ni karo ya mtoto.

Lipo pia jambo linalonigusa kama mtu wa kaunti hii. Sehemu kubwa sana ya umeme wa Kenya, karibu asilimia 90, hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Bwawa la Masinga, la kwanza kutoka juu katika mfululizo wa mabwawa ya Mto Tana, liko mpakani mwa kaunti yetu na lilikamilika mwaka 1981. Petroli tunaiagiza kutoka Ghuba kwa dola. Mkulima wa Katelembo ana haki ya kufaidi umeme unaotoka jirani yake kwa zaidi ya balbu tatu.

Lakini pesa hizo hupotea mkataba ukiwa mbaya. Kwa mipango mingi hununui betri. Unanunua pikipiki, betri inabaki ya kampuni, nawe unalipia kila unapobadilisha. Mjini ni sawa, vituo viko. Huku, kama kituo cha karibu zaidi kiko mbali, umenunua chombo usichoweza kukilisha. Baadhi ya vyombo vya mkopo huzimwa kutoka mbali usipolipa, hata kama hukulipa kwa sababu barabara ilikatwa na mvua. Kwa mazingira yetu nasema bila kusita: msinunue pikipiki ambayo betri yake haichajiwi kwenye soketi ya kawaida, na msikubali betri isiyo yenu. Betri ya uniti 3 huchajiwa kwa saa nne hivi, ikila umeme pungufu ya pasi. Haihitaji mtambo.

Inachohitaji ni stima iliyopo. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, na kabla ya mwaka huo kwisha giza lilirudi tena Novemba na Desemba. Hayo ni ya taifa. Ya kwetu, mti ukianguka kwenye waya au transfoma ikiungua, mnajua wenyewe tunavyokaa. Mwenye petroli huweka lita tano kwenye mtungi. Mwenye betri moja hana akiba yoyote.

Ndiyo maana nalirudisha jambo hili kwa vyama. Katelembo si mgeni wa ushirika; jina la ushirika wa Katelembo Athiani Muputi linajulikana mbali kwa sababu ya watu waliochanga kununua ardhi pamoja. Chama kinaweza kuanza na pikipiki tano na betri nane: tano zikiwa barabarani, tatu zikichajiwa. Kiwe na chumba kimoja chenye mita yake, sakafu ya saruji, madirisha ya hewa, mbali na vitanda vya watu na mbali na mitungi ya petroli, kwa kuwa betri ya lithiamu ikiwaka ni vigumu kuizima. Kijana asichaji betri chini ya kitanda, hata kama amefanya hivyo mwezi mzima bila shida. Juu ya paa paneli za kilowati 3 zitatosha betri tatu au nne siku ya jua, na Julai zitasaidia kidogo huku Kenya Power ikibeba kazi kubwa. Wanachama wawili wapelekwe kujifunza ufundi wa mota na betri, maana leo spea na fundi viko Nairobi, zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini Machakos, na pikipiki iliyolala wiki nzima hailipi mkopo. Wenye Boxer zao za petroli waendelee nazo kwa safari ndefu. Hakuna anayewalazimisha kuziuza.

Pikipiki tano kwa mwaka mmoja, zikipita masika, Julai na vuli, zitatuambia yale ambayo hakuna muuzaji atakayetuambia: kilomita halisi kwa chaji, matairi, breki, siku za kulala kwa fundi. Hesabu ziandikwe kwenye daftari moja na zisomwe mbele ya wanachama.

Bwana mwenyekiti, naomba kabla kikao hiki hakijafungwa wateuliwe watu watatu, mmoja wao akiwa mwendesha boda na mwingine mama wa soko. Waende ofisi za Kenya Power mjini Machakos waulize masharti ya mita ya bei ya kuchaji vyombo na gharama ya kuiunganisha, kisha walete jibu kwa maandishi katika mkutano ujao wa chama.